Mfagiaji Anapoitwa Mkurugenzi

Wiki tatu zilizopita alinijia ofisini mwanafunzi wangu wa zamani, binti wa Ulaya. Msomaji asiye wa kwetu asihangaike na pasi ya kusafiria: Ulaya ni kata ya Wilaya ya Kilosa, katika njia ya vumbi itokayo Kilosa mjini kwenda Mikumi. Alihitimu shahada yake miaka minne iliyopita, na tangu hapo ameomba kazi kila tangazo lilipotoka. Kwa sasa anatandika vitanda na kupiga deki katika nyumba ya wageni moja hapo Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Zambia.

"Shikamoo Mwalimu. Nimekuja unisomee mkataba kabla sijasaini," alisema, akaweka bahasha juu ya meza yangu.

Kipeperushi cha rangi kilichokuwa ndani kilimwahidi kwamba kabla ya siku tisini kwisha atakuwa mkurugenzi wa kampuni yake mwenyewe ya usafi, mwenye eneo lake, jina linaloaminika na wateja waliokwisha kutafutwa. Mkataba wenyewe ulisema mengine. Kwa ada ya shilingi 3,000,000, nusu taslimu na nusu ya kukatwa kwa miezi 24, atapewa haki ya kutumia jina la kampuni katika Mikumi na Kilosa, mafunzo ya siku tatu, sare, ndoo, madekio, na mashine moja ya kusugulia sakafu ambayo ataikodi kwa mwezi. Kampuni ndiyo itakayotafuta wateja, itakayopanga bei, itakayosaini na itakayopokea malipo. Ikishapokea, itakata asilimia 10 ya mapato kwa ajili ya jina na asilimia 5 kwa ajili ya usimamizi, kisha itampelekea "mkurugenzi" kilichobaki. Mteja akichelewa kulipa, mkurugenzi atasubiri. Mteja akiondoka, ada hairudishwi. Sabuni na dawa sharti zinunuliwe kwa kampuni.

Mama yake yuko tayari kuuza ekari mbili za bondeni ili nusu ya kwanza ipatikane.

Mfumo huu wa kukodi jina, ambao wafanyabiashara huuita franchaizi, unahubiriwa siku hizi katika semina za ujasiriamali kana kwamba ni wokovu wa vijana wasio na ajira. Naandika kuupinga. Siupingi kila mahali na kwa kila bidhaa. Mtu akitaka kukodi jina la mgahawa au la kituo cha mafuta, na mtaji anao, hiyo ni shauri yake. Naupinga unapoingia katika kazi ya kufagia kwenye miji midogo kama yetu, kwa sababu hapo haumuuzii mtu biashara. Unamuuzia ajira. Tena ajira yenyewe ni ile ambayo wazazi wetu walipewa bila kuilipia hata senti, ikiwa na likizo na pensheni juu yake.

Mama yangu alikuwa mhudumu katika taasisi moja ya umma humu wilayani. Saa kumi na mbili asubuhi alikwisha kufika na ufagio wake wa chelewa, na wakubwa walipoingia saa moja na nusu walikuta sakafu imekauka. Mshahara ulikuwa mdogo, na sipendi watu wanaopamba umaskini wa zamani. Lakini jina lake lilikuwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Alipojifungua mdogo wangu alipewa likizo na kazi yake akaikuta. Alipoanza kuumwa mgongo hakufukuzwa. Alipostaafu alilipwa kiinua mgongo, na bati zilizoko juu ya nyumba yetu hadi leo zilitokana na fedha hiyo. Alipoulizwa anafanya kazi gani alijibu "mtumishi wa serikali", kwa sauti ileile ambayo bwana mkubwa wa ofisi ile angeitumia.

Kisha yakaja maboresho. Programu ya Maboresho ya Utumishi wa Umma ilianza mwaka 2000, na miongoni mwa mambo iliyoyapigia chapuo ni kuzipeleka huduma "zisizo za msingi", usafi ukiwa mmojawapo, mikononi mwa kampuni binafsi kwa njia ya zabuni. Sijapata kuielewa lugha hiyo. Wodi ya wazazi isiyopigwa deki kwa siku mbili itamweleza yeyote, bila semina, kipi ni cha msingi na kipi si cha msingi. Lakini lugha ilishinda. Wahudumu waliostaafu hawakujazwa nafasi zao, na kwa kuwa sakafu hazikuacha kuchafuka, akaja mzabuni.

Tufanye hesabu, maana siasa yote ya jambo hili imejificha ndani ya hesabu. Naandika haya Septemba 2025. Tangu Julai mwaka huu kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Jengo la ofisi linalohitaji wasafishaji watano, kama wangekuwa watumishi, lingegharimu mishahara ya 2,500,000, na mwajiri angeongeza asilimia 15 ya mchango wa PSSSF, yaani 375,000. Jumla ni 2,875,000. Mzabuni haongozwi na kima hicho. Amri ya Mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kwa sekta ya biashara na viwanda kiwango cha 150,000. Mzabuni anayekishika kiwango hicho analipa watu watano 750,000, mchango wake wa NSSF wa asilimia 10 ni 75,000, na wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, asilimia 0.5, ni 3,750. Jumla ni 828,750.

Tazama tofauti hiyo kwa utulivu. Serikali iliyoona kwamba mtumishi wake wa chini kabisa asipokee pungufu ya 500,000 inainunua siku nzima ya binadamu huyohuyo, katika jengo lilelile, kwa chini ya theluthi ya kiasi hicho, mradi tu ankara iandikwe na mtu mwingine. Hakuna sheria iliyovunjwa. Hapo ndipo penye ubaya wake.

Sasa anakuja mwenye jina, ambaye hata huo mzigo wa 828,750 hautaki. Tuchukue kwamba mteja, awe ofisi au hoteli, anaukubali mkataba wa 1,200,000 kwa mwezi kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Ukiondoa gharama ya wafanyakazi na ukaweka 150,000 za sabuni, dawa na glavu, zinabaki 221,250. Mwenye jina anakata asilimia zake 15, yaani 180,000, na angalia kwamba anazikata kwenye mapato wala si kwenye faida. Yeye hapati hasara hata mwezi mmoja. Zinabaki 41,250. Sehemu ya ada ya kuingia inayokatwa kila mwezi kwa miezi 24 ni 62,500. Mkurugenzi wetu wa Mikumi ameumaliza mwezi akiwa na upungufu wa 21,250, na kodi ya mashine bado haijatajwa.

Atafanyaje? Atafanya wanachofanya wote walio katika hali hiyo: atamwachisha kazi mmoja wa wale watano na kulishika dekio yeye mwenyewe. Hapo ataokoa 165,750. Atabaki na 144,500, na kutoka humo atalipa mashine. Yaani mkurugenzi, mwenye kadi ya biashara na shahada ya chuo kikuu, atapokea pungufu ya mfagiaji anayemwongoza.

Na mfagiaji huyo, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anayo haki ya siku 28 za likizo kwa mwaka, na siku 84 za likizo ya uzazi akijifungua. Mkurugenzi hana. Mmiliki wa biashara hapewi likizo ya uzazi na mtu. Nilipomwonyesha binti yule hesabu hii alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe Mwalimu, bora nibaki na vitanda."

Mambo haya si mageni duniani. Marekani, ambako usafi wa majengo umekodishwa kwa majina kwa miaka mingi, kampuni ya Coverall ilishtakiwa na wasafishaji wake katika jimbo la Massachusetts, kesi iliyobeba jina la mmoja wao, Awuah. Walikuwa wamelipa ada, wakaitwa wamiliki, huku kampuni ndiyo iliyokuwa ikisaini na wateja na kupokea fedha. Mwaka 2010 mahakama ya shirikisho ilisema kwamba watu wale hawakuwa wafanyabiashara huru bali wafanyakazi. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaenda mbali zaidi: kumtoza mtu ada ili apate kazi ni kumlazimisha anunue ajira yake, na hilo ni kinyume cha maslahi ya umma, tena ujira uliokwisha kufanyiwa kazi hauwezi kusubiri hadi mteja wa kampuni atakapopenda kulipa. Soma tena masharti ya kile kipeperushi cha Mikumi. Yaliyokataliwa kule ndiyo yanayochapwa kwa rangi na kugawiwa hapa.

Wanaharakati wanaosoma ukurasa huu wasiniambie kwamba kule kuna sheria na sisi hatuna. Kweli, Tanzania haina sheria mahususi ya franchaizi, na hakuna anayemlazimisha mwenye jina kumweleza mkodi jina, kabla ya kusaini, ni wangapi waliotangulia na wangapi walioanguka. Lakini tunayo Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, na kifungu chake cha 61 kinasema kwamba mtu atahesabiwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitike vinginevyo, ikiwa namna anavyofanya kazi inatawaliwa na mwingine, au saa zake zinapangwa na mwingine, au anapewa vitendea kazi na mwingine, au anamtegemea mwingine huyo kiuchumi. Lolote kati ya hayo latosha kuanzia. Mkataba ulioko mezani kwangu unayo yote manne. Kifungu hicho kimelala miaka zaidi ya ishirini, na sijaona chama cha wafanyakazi kikikipeleka katika vyumba vya hoteli za Mikumi.

Mwenzangu mmoja wa idara, mtu ninayemheshimu, ameniambia kwamba ninawanyima vijana daraja. Hoja yake ina uzito na sitaipitia juu juu. Anasema mwenye hoteli karibu na lango la hifadhi hawezi kumkabidhi funguo za vyumba vya watalii kijana asiyejulikana; jina linampa dhamana. Anasema pia kwamba usafi wa kisasa ni ujuzi. Katika hilo la pili namuunga mkono kabisa. Asiyefundishwa anaweza kuchanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi ndani ya choo kisicho na dirisha, na gesi ya klorini itakayotoka humo inaua. Msafishaji wa hospitali anashika vitambaa vya damu na kuokota sindano iliyodondoka. Anahitaji buti, glavu nene na chanjo ya homa ya ini. Lakini mafunzo ya siku tatu hayatoi ujuzi huo, na Mikumi kuna chuo cha VETA. Kuhusu dhamana, mwenye hoteli anaweza kuipata kwa kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, akaunti ya benki na wanachama ambao wazazi wao anakutana nao sokoni. Jina lililokodiwa kutoka Dar es Salaam halimjui mtu yeyote Mikumi.

Tena historia yetu wenyewe inaonyesha kwamba haki ya kufanya usafi katika eneo fulani si lazima itolewe na mfanyabiashara. Mwaka 1994 Jiji la Dar es Salaam lilikabidhi uzoaji wa taka za katikati ya jiji kwa kampuni moja binafsi, na mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati wa Tume ya Jiji, njia ikabadilishwa: maeneo yakagawiwa kwa kampuni ndogo nyingi na vikundi vya wakazi, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Kimojawapo kilikuwa KIMWODA, kikundi cha akina mama wa Hananasifu, Kinondoni. Huo nao ulikuwa mfumo wa kukabidhiwa eneo, ila mwenye kukabidhi alikuwa umma, na mwanamke mwenye toroli hakukodi jina la mtu. Sitausifu kupita kiasi. Kaya nyingi zilikataa kulipa ada ya taka, viongozi wa mitaa walisita kuwachukulia hatua wapiga kura wao, na aliyeumia ni yule wa toroli. Ulikwama pale ambapo umma ulishindwa kuusimamia upande wake wa mkataba.

Na hapo ndipo ninapowageukia ninyi watumishi wenzangu, hasa maafisa ununuzi na wahasibu, kwa sababu binti wa Ulaya asingekuja na bahasha ile kama mlango wenu ungekuwa wazi.

Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, unavisajili vikundi hivyo. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu; mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejea mwaka 2024. Kwa hiyo mtaji upo, zabuni ipo, na usajili upo. Kwa nini basi usafi wa majengo unatangazwa kama fungu moja kubwa, la ofisi zote, linalodai uzoefu wa miaka na hesabu zilizokaguliwa, hadi kikundi cha wasichana sita wa Mikumi kinakosa hata pa kuingilia? Jengo moja ni zabuni moja. Ligawanyeni. Kilosa kuna ofisi za wilaya, mahakama, hospitali na vyuo. Kuna stesheni ya reli ya umeme, ambayo treni zake za Dodoma zilianza kubeba abiria Julai 2024. Kazi ya dekio haijawahi kuwa nyingi hivi katika mji huu tangu Mjerumani alipoleta reli ya kwanza.

Na bei ya chini kabisa isiwe ndiyo hoja ya mwisho. Mzabuni anapoleta bei ambayo, ukiigawa kwa idadi ya wafanyakazi aliowataja, haitoshi kulipa hata 150,000 kwa mtu pamoja na michango yake, bei hiyo ni ungamo la maandishi kwamba sheria itavunjwa. Afisa anayeipitisha ameliona ungamo hilo na ametia saini chini yake. Hesabu hiyo haichukui dakika mbili.

Lililobaki ni malipo, na hapa hasira yangu inakaribia kunizidi. Kikundi kidogo hakifi kwa kukosa kazi, kinakufa kwa kazi iliyofanyika bila kulipwa. Kwa hesabu ile ya juu, kila mwezi wa ucheleweshaji unakitaka kikundi kitoe 978,750 kutoka mifukoni mwao, za mishahara na sabuni. Miezi mitatu ni 2,936,250. Wasichana sita wanazitoa wapi? Mwenye jina anazo, na ndiyo maana kipeperushi chake kinavutia. Kila hati ya malipo inayolala katika trei ya mhasibu kwa kuwa "mkubwa yuko safari" inamtafutia mwenye jina mkodi mwingine. Nimewahi kumsikia mtumishi mmoja akisema wasafishaji wanaweza kusubiri, kwani wamezoea. Alisema hivyo akiwa amesimama juu ya sakafu iliyokuwa bado mbichi.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili nimewapa kazi ya muhula: kila mmoja achague jengo moja la umma katika wilaya anakotoka, atafute nani analisafisha, kwa mkataba wa nani, kwa ujira gani, na ulipwao tarehe ngapi. Wanne tayari wameniandikia kwamba msafishaji waliyemuuliza hajawahi kuuona mkataba wake kwa macho, ingawa sheria inadai apewe maelezo ya ajira yake kwa maandishi.

Binti wa Ulaya hajasaini. Wamepatikana wasichana wanne wa Mikumi, mmoja wao aliyesomea huduma za vyumba, na wanatafuta wa tano na wa sita kabla ya kwenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Shamba la bondeni bado ni la mama yake, ingawa aliyetaka kulinunua amepiga simu mara mbili. Mkataba uko hapa mezani. Nimeupigia mstari mwekundu ukurasa wa tisa, pale panaposema kwamba mkodi jina "anakiri kwa hiari yake kuwa si mwajiriwa", na Jumatatu atakapopita nitampa aende nao kwa afisa kazi Morogoro, pamoja na nakala ya kifungu cha 61.